Tafuta Kwanza Mguu wa Hasi

Wadogo zangu, sogeeni mezani. Hii ni bodi ya kompyuta ya gari lililokwisha kufa, tumeitoa kwa wauza chakavu. Chipu hii ndogo yenye miguu minane ndiyo inayotunza kumbukumbu hata betri ikichomolewa. Kwenye magari mengi siri za funguo, yaani namba ambazo gari hutumia kuutambua ufunguo wake, hukaa kwenye chipu kama hii.

Mgongoni ukisoma 24C02, 93C56 au 95080, umeshaijua. Taabu ni zile ambazo mtengenezaji kaziandika namba zake mwenyewe, au maandishi yamefutika. Hapo mafundi wengi hubahatisha. Msibahatishe, chukueni mita ya umeme.

Iwekeni kwenye mlio, ile sehemu inayolia ncha mbili zikiungana. Ncha moja kwenye hasi ya bodi, nyingine iguse mguu mmoja mmoja. Tunahesabu kuanzia penye nukta, kinyume cha mshale wa saa. Mita ikilia mguu wa 5, na chanya ikawa wa 8, hiyo ni familia ya 93. Ikilia wa 4, ni 24 au 95. Kwenye 24 mara nyingi mguu wa 1, wa 2 na wa 3 nayo imefungwa hasi. Kwenye 95, wa 3 na wa 7 aghalabu imefungwa chanya. Ziko pia 93 zilizozungushwa, hasi yake wa 7, chanya wa 2. Hiyo ukiipachika kwenye kifaa cha kusomea chipu kama ya kawaida, umeme unaingia pasipo pake.

Sasa 93C56 yenyewe: biti 2,048, yaani baiti 256. Mguu wa 6 ndio unaoamua isomwe kwa biti 8 au 16. Ukifungwa chanya ni 16, hasi ni 8. Upimeni kabla hamjashika pasi ya kulehemu, maana chipu ikishang'oka ushahidi umeondoka.

Halafu isome chipu kwa kifaa mara mbili, linganisha, hifadhi nakala. Ukiona FF tupu, yaani alama ya chipu isiyo na kitu, mwanzo hadi mwisho, shuku kwanza uchafu miguuni. Mimi niliwahi kuingiza data mpya kwenye chipu ya mteja kabla ya kuhifadhi ya zamani. Siri za funguo zikapotea, na gari la baba wa watu likalala wiki tatu. Bado linaniuma.

Haya, nani anashika mita?