Mnaniuliza Brazil kuna baridi? Brazil ipi?

Haya ndugu zangu, mpo? Mnaiona hii midomo ilivyopasuka? Msinicheke. Ni Agosti, niko Brasília, mji mkuu, na mvua tuliiaga tangu Mei. Usiku naweka beseni la maji chumbani na taulo bichi juu ya kiti, la sivyo naamka pua inatoka damu. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye shuka.

Sasa kila siku swali ni lile lile: "Kaka, huko kuna baridi?" Jamani, nchi hii ina kilomita za mraba milioni 8.5, Tanzania tisa hivi! Kule juu ikweta inapita Macapá, na huku chini, ukivuka São Paulo, umeshatoka tropiki.

Kalenda inasema Juni mpaka Septemba ni kipupwe. Kamwambie hivyo mtu wa Manaus, kule msitu wa Amazon. Kwake "inverno", neno lao la majira ya baridi, ni masika yake, Desemba hivi mpaka Mei, yanaanza kalenda ikisema ni kiangazi! Na mimi niko upande wake. Kule joto halina habari, kinachobadilika ni maji. Mto Rio Negro hupanda na kushuka mita kumi hivi kila mwaka. Oktoba 2024 ulishuka kuliko wakati wowote tangu waanze kuupima, boti zikabaki zimelala mchangani.

Recife, pwani ya kaskazini-mashariki, nao wana yao, mvua yao kubwa inapiga Juni, sisi huku tunakauka.

Baridi yenyewe iko kusini. São Joaquim kuna miaka theluji inaanguka, na Julai 1975 baridi kali ya kugandisha iliunguza mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná.

Kwa hiyo mwaka jana nilipokwenda Rio Branco, Acre, nikajiambia: huku ni Amazon, koti la nini? Siku ya pili upepo ukageuka. Wenyewe wanaita "friagem": hewa ya baridi inatoka kusini, inapanda kandokando ya milima ya Andes, hakuna cha kuizuia, inaingia mpaka msituni. Asubuhi nyuzi hazikufika 15. Mwenye nyumba amevaa kofia ya sufu, mimi nina kaptula! Nililala na suruali mbili na soksi mikononi.

Shangazi, lile koti ulilonilazimisha kulibeba, nikakusema hapa hapa mbele ya watu kwamba ni mzigo? Lipo. Limetundikwa nyuma ya mlango, ona.