Hisa Ileile? Namna ya Kuzihoji Bei za Zamani

Habari za mchana, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana mlangoni. Viti vipo huku mbele. Msiogope, sitamwita mtu ubaoni.

Nimekuja na daftari hili. Nililianza nikiwa karani katika ofisi ya dalali wa hisa hapa mjini. Kila jioni nilinakili bei za siku, kampuni moja mstari mmoja, na nilidhani naonewa tu kwa kuwa mdogo ofisini. Kisha akaja mzee mmoja na kipande cha gazeti kuukuu mkononi, amekunja uso. Gazeti lilisema hisa ya benki ya KCB ni zaidi ya shilingi 200. Kwetu ilikuwa ishirini na kitu. Akatuambia, "Mmekula nyama, mnanionyesha mifupa."

Hakuna aliyekuwa amekula kitu. Mwaka 2007 KCB iligawanya kila hisa moja kuwa kumi. Aliyekuwa na hisa 300 akajikuta na 3,000, na bei ikashuka kwa kiasi hichohicho. Mzee alikuwa na mali yake yote, ila alikuwa analinganisha ng'ombe mzima na paja. Benki ya Equity nayo iligawanya hisa zake moja kwa kumi mwaka 2009, na mafundisho yakaanza upya pale kaunta.

Tangu siku ile nimezichukua bei za zamani kama shahidi mahakamani. Shahidi huulizwa aliona nini, akiwa wapi, saa ngapi. Haulizwi kesho mvua itanyesha au la, maana huyo atakuwa mpiga ramli, na wapiga ramli wa hisa Nairobi tunao wa kutosha, wengi wao wana vikundi vya simu.

Swali la kwanza kwa shahidi: hisa unayoizungumzia ni ileile niliyo nayo leo? Ukifungua tovuti fulani utaona KCB ya mwaka 2006 imeandikwa kama shilingi ishirini na kitu. Gazeti la siku ile linasema zaidi ya 200. Yote mawili ni kweli. Tovuti imerekebisha bei, yaani imegawa za zamani kwa kumi ili zilingane na hisa ya leo. Gazeti limeandika kilicholipwa siku ile. Ukitaka kujua mali yako imekua kiasi gani, tumia bei iliyorekebishwa. Ukitaka kuthibitisha kilicholipwa tarehe fulani, rudi kwenye bei halisi. Ukizichanganya ndani ya hesabu moja, utalia bure au utacheka bure.

Kuna kipimo chepesi. Katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kupanda au kushuka kupita asilimia 10 kwa siku moja. Ukiona kwenye rekodi hisa imeporomoka asilimia 50 au 90 kati ya Jumatatu na Jumanne, usikimbilie kusema kampuni imekufa. Tafuta tangazo kwanza: huenda hisa ziligawanywa, huenda zilitolewa hisa za bonasi, yaani za bure kwa wenyehisa, au aliyenakili alikosea. Mimi mwenyewe nimewahi kuruka nukta. Bei ya 18.50 ikawa 1,850, na meneja akanizungusha ofisi nzima na lile daftari.

Toleo la hisa za haki ndilo linalowachanganya hata wasomi. Chukueni kalamu. Hisa inauzwa shilingi 20. Kampuni inataka mtaji, inawaambia wenyehisa: kwa kila hisa mbili ulizo nazo, unaweza kununua moja mpya kwa shilingi 14. Hisa mbili za zamani ni 40, ongeza 14, unapata 54 kwa hisa tatu. Gawanya: 18. Kwa hiyo bei ikishuka kutoka 20 hadi 18 baada ya toleo hilo, biashara yenyewe haijaharibika hata kidogo. Ila aliyelala na barua yake ya haki bila kununua wala kuiuza amepoteza shilingi mbili kwa kila hisa, na grafu haitamwambia ni kwa nini.

Gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenyehisa, ni hivyohivyo, kwa kipimo kidogo. Siku chache kabla ya daftari la wenyehisa kufungwa hufika siku ambayo anayenunua hapati tena gawio lile, kwa hiyo hulipa pungufu. Siku hiyo bei hushuka kidogo, na watu hupiga simu kuuliza kuna nini. Hakuna kitu. Fedha ziko njiani kuja kwako, zikiwa zimekatwa asilimia 5 za kodi ikiwa wewe ni mkazi wa Kenya.

Swali la pili: bei hii ni ya saa ngapi, na ni ya hisa ngapi? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea. Wengi wanadhani bei ya kufunga soko ni ya mauzo ya mwisho. Hapa kwetu bei ya siku ni wastani unaozingatia wingi wa hisa. Tuseme hisa 900 zimeuzwa kwa 20, na 100 za mwisho kwa 22. Bei ya siku haitakuwa 22. Ni 20.20. Ndiyo maana programu ya simu inaweza kukuonyesha namba moja na gazeti la kesho nyingine, wala hakuna aliyedanganya.

Sasa niwaambie kisa changu. Miaka kadhaa baada ya kuacha ukarani niliuza hisa zangu kupitia kampuni ya udalali, jina lake tuliache. Hati ya mauzo ikaja na bei ambayo haikunikalia vizuri. Nikaenda kwenye rekodi ya siku ile, nikatazama bei ya chini kabisa na ya juu kabisa. Bei waliyoniandikia ilikuwa chini ya ile ya chini kabisa. Yaani soko zima, siku nzima, hakuna hisa ya kampuni ile iliyouzwa kwa bei hiyo, isipokuwa zangu! Nilipeleka karatasi mbili tu, sikupaza sauti. Tofauti ikarudishwa ndani ya wiki, pamoja na maelezo marefu kuhusu kompyuta. Kina mama wa chama, hati zenu zikija msizitie kwenye faili tu. Tazameni tarehe, tazameni bei ya chini na ya juu. Kazi ya dakika tano.

Wakati mwingine shahidi anakuwa kimya kabisa. Kampuni ya chai ya Limuru Tea ina hisa chache, na siku zinaweza kupita bila mtu kununua wala kuuza. Bei unayoiona leo huenda ni ya wiki iliyopita. Kenya Airways ilisimamishwa sokoni Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Muda wote huo namba ilibaki 3.83. Ukimpa kijana wa kompyuta rekodi hiyo bila kumweleza, atakuletea ripoti kwamba hii ndiyo hisa tulivu kuliko zote Kenya. Kampuni ya sukari ya Mumias nayo ilisimamishwa mwaka 2019 ikiwa senti 27. Waliosimulia historia ya soko kwa kampuni zilizobaki tu, Mumias hawaitaji.

Safaricom mnaisubiri, najua. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walikopa, wengine waliuza mbuzi, wengi wakapata kipande kidogo tu cha walichoomba. Mwaka 2009 ilishuka hata chini ya 3. Mwaka 2021 ikakaribia 45. Mwaka 2023 ikawa chini ya 15. Haya, mimi nikiwa muuzaji nitachora grafu yangu kuanzia 2009 niishie 2021, nanyi mtanipigia makofi. Adui yangu atachora kuanzia 2021 mpaka 2023, na mtamwita nabii. Anayekuonyesha grafu muulize kwa nini ameanzia pale alipoanzia. Tena kumbukeni kwamba kutoka 45 hadi 15 ni kushuka theluthi mbili, lakini kurudi 45 kunataka bei ipande mara tatu. Ngazi ya kushuka ni fupi.

Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2023, Safaricom ililipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Aliyenunua kwa 5 hujigamba kwamba anavuna asilimia 24. Sawa, aringe. Lakini hisa zake zikiwa na bei ya 15, mavuno yake ni asilimia 8, kwa sababu angeweza kuziuza na kupeleka hizo 15 kwingine. Bei uliyonunulia ndiyo bei ya zamani inayopendwa kuliko zote, na soko halina habari nayo. "Nitauza ikirudi bei yangu," tunasema. Nani aliiahidi irudi? Na shilingi 5 za 2008 si hizi. Dola wakati ule ilikuwa chini ya shilingi 70. Januari 2024 ilifika 160.

Naam, mama pale nyuma. Anasema mume wake alifariki akaacha hisa, mahakama inataka thamani, na mashemeji wanataka ihesabiwe kwa bei ya leo kwa kuwa imepanda.

Pole sana, mama. Hapa shahidi wetu ana kazi hasa. Chukua taarifa ya akaunti ya CDS ya marehemu, ile inayotunza hisa zake kielektroniki, uone alikuwa na hisa ngapi tarehe aliyofariki. Kisha tafuta bei ya tarehe ileile. Ikiwa ilikuwa Jumamosi au sikukuu, tumia ya siku ya soko iliyotangulia na uandike hivyo. Tumia bei halisi ya siku ile, si iliyorekebishwa, maana idadi ya hisa nayo ni ya siku ile. Magawio yaliyoingia baada ya kifo yaandike kando, mstari wake peke yake. Omba dalali akuandikie barua yenye muhuri inayotaja bei na tarehe. Kuhusu mashemeji, wakili atakueleza zaidi yangu. Ulisema ni mwaka gani? Hebu njoo na karatasi zako hapa mezani, tuutafute huo ukurasa.