Ukingo wa Jino Uliozama: Jinsi ya Kusoma Mwelekeo wa Tafiti

Hamjambo, karibuni. Hii ni ya wanafunzi wa meno pale Hurlingham, na daktari yeyote wa Nairobi aliyewahi kufungua gego akakuta uozo umeshuka hadi chini ya ufizi. Nimpeleke mgonjwa apunguzwe ufizi na mfupa, au niinue ukingo wa shimo la jino kwa kompositi, yaani kijazio cha rangi ya jino, kisha nijenge juu yake? Leo hatuchimbi jino. Tunaangalia tafiti zinaelekea wapi.

Fungua PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitabibu. Ni bure, hata kwa simu, ila kwenye laptopu utaona vizuri zaidi. Andika “deep margin elevation”, yaani kule kuinua ukingo, pamoja na alama za kunukuu. Usibonyeze bado! Mbinu hii ina majina kadhaa, na ukishika moja tu makala nyingine zitakupita. Weka OR kwa herufi kubwa, kisha “cervical margin relocation”, OR tena, kisha “proximal box elevation”. Dietschi na Spreafico waliieleza mwaka 1998; hilo jina la kwanza lilishika kasi baada ya makala ya Magne na Spreafico ya 2012.

Sasa bonyeza. Kushoto kuna grafu, kila nguzo ni mwaka mmoja. Za zamani ni fupi, za karibuni zimepanda. Usisisimke mapema: nguzo ndefu maana yake watu wanaandika sana, basi.

Shuka kwenye vichujio, weka tiki kwenye Randomized Controlled Trial, yaani majaribio ambayo washiriki hugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu. Umeona orodha ilivyonywea? Toa tiki, fungua mihtasari kadhaa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya Methods, inayoeleza utafiti ulifanywaje. Ukikuta “extracted”, hayo ni meno yaliyong'olewa na kujazwa maabarani. Yatakueleza kuhusu uvujaji ukingoni na nguvu ya kuhimili kuvunjika. Kuhusu ufizi hayana la kusema, kwa sababu ufizi haupo.

Kwa hilo tafuta tafiti za wagonjwa. Fungua hizi mbili kwa pamoja. Bresser na wenzake, 2019, walitathmini marejesho 197 (vipande vilivyojengwa kurudisha sehemu ya jino iliyopotea), mengine yakiwa na hadi miaka 12, na mengi mno yalikuwa bado yamesimama. Ferrari na wenzake, 2018, walifuatilia kwa miezi 12, wakaona fizi zilizo kando ya ukingo ulioinuliwa zikitoka damu zaidi zinapopimwa. Jino kudumu ni jambo moja, ufizi kutulia ni jingine, na mimi hilo la pili ndilo naona halijapewa uzito wake.

Kila makala iulize: ukingo ulikuwa mbali kiasi gani na mfupa? Tishu inahitaji takriban milimita 2 ili ishike, kwa hiyo asiyetaja kipimo hicho msome kwa tahadhari. Je, jino lilitengwa kwa karatasi ya mpira ili libaki kavu, au walipambana na mate na damu?

Mwisho, bonyeza Create alert, ufungue akaunti, bure pia. Chagua barua pepe ya kila mwezi. Ya kila siku utaichoka wiki ya kwanza.