Anza na Siku ya Mechi, Kisha Rudi Nyuma

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya kikundi cha mashabiki wanaoweka akiba kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika)

Mzee Mwenyekiti, mama zangu, kaka na dada zangu, mbukwenyi!

Naona hata wa Kigoma na Mtwara wameitikia Kigogo bila kusita. Dodoma imeshawameza.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Dada, njoo utueleze tiketi za mashindano zinanunuliwaje." Nikamwambia nitakuja, ila habari ya tiketi nitaigusa mwishoni, tena kwa haraka. Nimesafiri kufuata mpira mara tatu: Cairo 2019, Ivory Coast Januari 2024, na Nairobi Agosti 2025. Katika safari zote hizo sijaona mtu wa kwetu aliyekwama kwa kukosa tiketi ya uwanjani. Waliokwama niliwaona wengi, na karibu kila mmoja alikwamishwa na tarehe.

Mimi kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo mnivumilie, nitaongea kama mhasibu. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa au ya kanisani, haidhuru. Weka duara kwenye siku ya mechi. Halafu usihesabu kutoka leo kwenda mbele. Hesabu kutoka kwenye duara kurudi leo. Ukihesabu kwenda mbele, siku zote utaona muda bado upo. Ukihesabu kinyumenyume, ndipo unagundua kwamba kuna jambo lilipaswa kufanyika wiki iliyopita.

Nianze na Cairo, maana huko ndiko nilikopata akili.

Mnakumbuka mwaka 2019 Taifa Stars, timu yetu ya taifa, walifuzu AFCON baada ya miaka 39. Mara ya mwisho ilikuwa 1980, Nigeria; wengine humu hatukuwa tumezaliwa, na Mzee pale mbele alikuwa kijana wa redio ya mkulima. Tulikuwa wanne tuliojipanga kwenda. Mechi ya kwanza, na Senegal, ilikuwa Jumapili tarehe 23 Juni. Tiketi zetu za ndege zilisomeka tarehe 22 Juni, 03:40.

Sasa sikilizeni vizuri. 03:40 ni saa ngapi? ... Nasikia huko nyuma mmoja amesema saa tatu na dakika arobaini. Asante, kaka, ndiyo maana nimekuja. Ni saa tisa na dakika arobaini za usiku. Na tarehe 22 ilikuwa Jumamosi. Usiku upi huo wa Jumamosi?

Jamaa yetu wa nne aliisoma saa sawasawa. Alichokosea ni usiku. Akasema moyoni, Jumamosi nitashinda Dar, usiku nitakwenda uwanja wa ndege. Sisi watatu tulipanda basi hapa Ijumaa asubuhi. Wakati ule treni ya SGR ilikuwa bado, ilikuja kutufikia Dodoma Julai 2024, kwa hiyo safari ya Dar ilikuwa ya kutwa nzima. Saa saba za usiku tuko kwenye foleni ya mizigo, tunampigia. Akapokea kwa sauti ya usingizi, yuko kitandani Nkuhungu, hapa hapa Dodoma: "Mbona mna haraka? Si kesho usiku?"

Mchezo wa Senegal aliuangalia kwenye banda umiza. Tulifungwa 2-0, akatuambia kwa simu kwamba Mungu alimwepusha.

Nikasimulia jambo hili kwa mama mkwe wangu, mtu wa Bagamoyo. Akacheka. Akasema kwa hesabu yao siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi, na mtu aliyelelewa hivyo asingeachwa na ndege ile. Sisi wengine tunaweza kusema "usiku wa kuamkia Jumamosi" na yakaisha. Nawaomba, kila tiketi ya ndege ya kati ya saa sita usiku na alfajiri, iandikeni kwa kalamu, kwa Kiswahili, kwa maneno: usiku wa kuamkia siku fulani. Msiiache kwenye tarakimu.

Cairo kwenyewe sitawachosha. Mechi ya Kenya, tarehe 27, tuliongoza mara mbili, Msuva na Samatta, tukaishia kufungwa 3-2, na Wakenya tuliokaa nao mstari mmoja walituimbia hadi kwenye lifti ya hoteli. Tuliondoka bila pointi.

Twende Ivory Coast. Hapa ndipo penye somo la fedha.

Droo ya kupanga makundi ya AFCON ile ilifanyika Abidjan tarehe 12 Oktoba 2023, na mashindano yakaanza tarehe 13 Januari 2024. Miezi mitatu. Sisi tukapangwa kundi F, pamoja na Morocco, Zambia na DR Congo. Nikaona nisihangaike, nikampa kazi wakala mmoja wa safari, jina lake tuliache. Akaniuzia kifurushi: ndege, hoteli San-Pédro usiku kumi na moja, usafiri wa kwenda uwanjani mechi zote tatu. Nikalipa. Mimi mhasibu, ninayekagua risiti za watu, sikukagua ratiba.

Mechi ya kwanza San-Pédro, tarehe 17, Morocco wakatufunga 3-0. Ya pili San-Pédro, tarehe 21, Msuva akafunga dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na sisi tukakaa tunahesabu dakika hadi ya 88, Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mnaikumbuka. Usiku ule hakuna aliyekula. Asubuhi, katika kupunga hewa, namuuliza mhudumu wa hoteli, kwa Kifaransa changu cha maneno sita, gari la mechi ya tarehe 24 linaondoka saa ngapi. Akanionyesha ramani. Korhogo.

San-Pédro ni bandari, iko pwani kusini magharibi, ndiko kakao inakopakiwa. Korhogo iko kaskazini kabisa, karibu na Mali na Burkina Faso. Ni kama mtu akuambie mechi ni Dodoma, kisha ya tatu iko Mwanza. Ratiba ilikuwa wazi tangu mwanzo: mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo timu mbili lazima zihame. Wakala hakuwa ameisoma. Mimi pia.

Walionivusha ni Wakongomani. Kulikuwa na basi la mashabiki wao, na humo ndani watu wa Goma na wa Lubumbashi, wanaongea Kiswahili chao kitamu, kile cha "tunaendaka wote". Wakanipa kiti, na jezi yangu ya Stars nimeivaa. Njia nzima tunataniana, wapinzani lugha moja. Tukafika, mechi ikaanza saa mbili za usiku za kule, ambazo kwenu hapa zilikuwa saa tano. Ikaisha 0-0. Wao wakavuka kwa sare tatu, sisi tukarudi nyumbani na pointi mbili. Na hoteli yangu niliyokwisha kuilipia ilikuwa San-Pédro, kitanda kimetandikwa, hakuna wa kukilalia.

Kwa hiyo ndugu zangu, duara la kwanza kwenye kalenda ni siku ya mechi, na pembeni ya duara andikeni mji. Hata kama mechi zote tatu ziko nchi moja. Hasa kama ziko nchi moja, kwa sababu hapo ndipo mtu anapolala.

Sasa kutoka kwenye duara, turudi nyuma.

Kadi ya njano ya kwanza ya mashindano haitolewi na refa. Naona mnacheka, lakini ni kweli. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Ukichomwa leo ukaondoka kesho, kadi unayo mkononi na bado hujakamilika. Ivory Coast huitaka kwa kila mgeni anayeingia, isipokuwa watoto wachanga. Mimi niliondoka katikati ya Januari. Hesabu siku kumi kurudi nyuma, unaangukia sikukuu za mwaka mpya, wakati kila mtu yuko kijijini anachinja mbuzi. Uzuri wake, ukishachanja mara moja cheti ni cha maisha yako yote. Ule utaratibu wa kurudia kila miaka kumi uliondolewa mwaka 2016. Kwa hiyo wanakikundi, hili halihitaji droo wala ratiba. Mnaweza kulimaliza mwezi huu.

Nyuma ya kadi kuna pasipoti. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni Sh150,000. Nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi sita mbele, kwa hiyo pasipoti inayokwisha mwezi wa mashindano ihesabuni kuwa imekwisha. Na kabla ya pasipoti kuna majina. Hapa nitakaa kidogo, maana najua kwetu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdalah, kitambulisho cha NIDA kinasema Abdallah, cheti cha shule kina jina la babu katikati, na mtaani unaitwa Dula. Kwenye ligi yetu hakuna anayejali. Kwenye mashindano haya makubwa siku hizi shabiki husajiliwa. Urusi 2018 walikuwa na kitambulisho cha shabiki. Misri 2019 tulijisajili kwanza ndipo tukauziwa tiketi. Qatar 2022 kulikuwa na kadi ya Hayya, ambayo kwa wageni ndiyo ilikuwa ruhusa ya kuingia nchini. Morocco nao wakaweka programu yao ya simu. Herufi moja ikipishana, unaanza kumweleza mlinzi wa geti ukoo wako. Na kurekebisha jina kunachukua muda, kwa hiyo hili liwekeni mbali kabisa na duara, mwanzo wa kalenda.

Najua mtu atasema: dada, AFCON ya 2027 iko kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, hayo ya pasipoti ya nini? Swali zuri. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatumo kwenye mpango huo. Viza hatulipi, lakini hati ya kusafiria lazima. Nilipokwenda Nairobi kwenye fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tarehe 30 Agosti 2025, Morocco na Madagascar, ile ya 3-2 pale uwanja wa Kasarani, basi letu lilimwacha mpakani Namanga kijana mmoja aliyekuja na NIDA na tabasamu. Na kadi ya njano waliiulizia wakati wa kurudi, upande wetu. Uganda ndiyo huwezi hata kuanza kubishana, wanaitaka mlangoni.

Kwa mtu wa Dodoma, mechi ya Nairobi ni rahisi kuliko anavyodhani: lami ipo kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha, mnalala Arusha, kesho yake Namanga, jioni mko Nairobi. Msijaribu kuunganisha kwa siku moja. Kampala ni hadithi nyingine. Singida, Nzega, Kahama, mzunguke ziwa hadi Bukoba, Mutukula, Masaka. Hiyo ni siku mbili za basi na mgongo unaokukumbusha umri wako. Nasema waziwazi: kikundi kisipange Kampala na Nairobi katika juma moja kwa basi. Chagueni mji mmoja wa nje, mkae hapo, mwone mechi zozote zitakazochezwa hapo, hata za timu msizozijua. Mimi Cairo mechi niliyoifurahia kuliko zote haikuwa ya Tanzania.

Fedha. Mmesema mnaweka Sh50,000 kwa mwezi. Kwa miezi 18 hiyo ni Sh900,000 kwa kichwa. Kwa Nairobi inatosha mtu asiye na makuu. Wenzetu wa Hombolo na Mpunguzi wanaolima zabibu wasilazimishwe kulipa kila mwezi. Waacheni walipe wakishavuna, msimu kwa msimu, mradi daftari lionyeshe. Kikundi changu cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya kumtoza mkulima faini ya mwezi ambao hana kitu.

Tiketi ya uwanjani, nilivyoahidi, kwa haraka: nunueni kwenye mtandao rasmi wa mashindano peke yake, kwa jina la kwenye pasipoti. Kasarani 2025 tiketi zilikuwa za simu tu, na mwenye karatasi ya mlanguzi alisikilizia mechi kwenye barabara ya Thika. Basi.

Mama pale ameinua mkono. ... Anauliza kama ngoma inaruhusiwa uwanjani. Mama, inategemea geti na inategemea mpigaji. Cairo tuliingia na moja ndogo. Kubwa iliachwa kwa mlinzi, na tulipotoka tukamkuta anaipiga.

Sasa, Mwenyekiti aliwaambia leo kila mtu aje na pasipoti yake, aliye nayo. Nimeleta kalenda hii na kalamu nyekundu. Wekeni mezani, fungueni ukurasa wa jina, na NIDA pembeni yake, tuanze kulinganisha herufi. Moja... mbili... tano. Wanakikundi mko thelathini na nne. Haya, kaka, Abdallah yako ina "l" ngapi?