Tabu, Nafasi na Mtoto wa Pili wa "if"

Ndugu zangu waandika programu, kabla hatujagombana kuhusu mtindo wa kuandika msimbo, yaani maagizo tunayoipa kompyuta, tutazame mistari miwili tu.

Februari 2014 Apple ilitoa sasisho la haraka la mfumo wa iPhone. Katika msimbo unaohakiki kwamba tovuti ndiyo yenyewe na si laghai, palikuwa na sharti la "if" (yaani "ikiwa"), na chini yake amri ya kuruka hadi mwisho wa ukaguzi: goto fail. Mstari uliofuata, amri ileile tena. Yote miwili ilisogezwa ndani sawasawa, kama watoto wa mama mmoja. Lakini mabano ya kufungia amri pamoja hayakuwapo, na lugha ya programu ya C, pasipo mabano, humpa "if" mtoto mmoja tu. Wa pili hakuwa wake. Basi programu ikawa inaruka kila mara, saini ya tovuti haikaguliwi, na jibu linarudi kuwa hakuna kosa. Jicho la binadamu lilisoma hivi, kompyuta ikasoma vile.

Kwa hiyo watu wakibishania mabano, mimi sicheki.

Ila mengi tunayobishania hayafiki huko. Kusogeza mstari ndani, tutumie tabu (kitufe cha Tab) au nafasi? (Tabu! Kwa Kiswahili jina limeshajieleza.) Kernel ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kompyuta, inataka tabu yenye upana wa herufi 8. Mwongozo wa mtindo wa lugha ya Python, PEP 8 wa mwaka 2001, unataka nafasi 4 na mstari usiozidi herufi 79. Kadi za karatasi za kutoboa za IBM, zilizolisha kompyuta za zamani, zilikuwa na safu 80, herufi moja kila safu, skrini za zamani zikazirithi, nasi tunatoana jasho kwa ajili ya urithi wa karatasi.

Waliounda lugha ya Go waliumaliza ugomvi kwa gofmt, programu inayopanga msimbo wa kila mtu kwa mtindo mmoja. Huulizwi unapenda nini. Baadhi ya maamuzi yake siyapendi hata leo, lakini sijawahi kupoteza mchana mzima nikiyajadili.

Sasa, gofmt haiwezi kukuchagulia jina la kitu ndani ya msimbo. Hapo ndipo pagumu.

Niliwahi kuvutana na mwenzangu siku mbili kuhusu fanksheni, kipande cha msimbo chenye kazi yake, ya mistari 40. Yeye alitaka ikatwe vipande vinane. Mimi nikasema nitachoka kurukaruka huku na huku nikitafuta kinachoendelea. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja aliirudia kwa sauti ya juu kidogo kuliko jana. Mwishowe tukamwita mwenzetu ambaye hakuwahi kuuona msimbo ule. Tukamwomba ausome kwa sauti huku akieleza anachoelewa.

Alikwama mstari wa tatu. Urefu haukumsumbua kabisa. Kulikuwa na kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kilichoitwa "sawa", na thamani yake ilikuwa kweli pale tu mambo yalipoharibika.

Akauliza nani aliyekipa jina hilo. Mwenzangu akanitazama, nami nikajifanya natafuta chaja.