Namba q itoke wapi? Takwimu za Tsallis katika fizikia

Mabibi na mabwana, nianze na mlinganyo wenyewe, maana mjadala wa takwimu za Tsallis na asili ya namba q huharibika kila falsafa inapotangulia hesabu. Mwaka 1988 mwanafizikia Constantino Tsallis alipendekeza entropia hii, yaani kipimo cha jinsi uwezekano ulivyosambaa katika hali za mfumo:

S_q = k (1 − Σ p_i^q) / (q − 1)

p_i ni uwezekano wa mfumo kuwa katika hali ya i, k ni kidumu cha Boltzmann, na q ndiyo namba tunayoiuliza asili yake. Kadiri q inavyoikaribia 1, tunarudi kwenye entropia ya kawaida, ya Boltzmann na Gibbs. Mifumo miwili A na B ikiwa haitegemeani, jumla ya entropia zao haitoshi: inabaki sehemu ya (1 − q) S_q(A) S_q(B) / k.

Hapo ndipo wengi hupotea. Husikia kwamba entropia hii haijumlishiki, wakadhani basi haikui sawia na ukubwa wa mfumo. Hayo ni mambo mawili. Chukueni mfumo wa chembe N ambao, kwa kubanwa na uhusiano mkali kati ya chembe zake, una hali N² tu badala ya 2^N, zote zikiwa na uwezekano sawa. Chembe 100 zina hali 10 000. Chembe 200 zina hali 40 000. Entropia ya kawaida, kwa kipimo cha k, inatoka 9.21 hadi 10.60: tumezidisha chembe mara mbili, nayo imesogea kidogo tu. Sasa wekeni q = 1/2. Mnapata 2(N − 1), yaani 198 kisha 398. Entropia isiyojumlishika ndiyo inayokua sawia na mfumo! Na q hiyo hatukuibahatisha. Imeamuliwa na jinsi hali zinavyoongezeka.

Hilo ndilo ninalolishikilia leo: q iwe na asili yake katika mfumo. Ikiwa ni namba ya kuzungusha mpaka mstari uzipitie nukta, basi tumepata umbo zuri, hatujapata fizikia.

Mfano ninaouona safi kuliko yote ni wa atomu baridi katika kimia cha mwanga, yaani mawimbi ya leza yanayopishana na kujenga vilima na mabonde ya nishati. Leza huipunguza mwendo atomu kama msuguano, ila msuguano huu hudhoofika atomu ikienda kasi. Kwa momenta p (tungamo mara kasi), kani yake ni −αp / (1 + p²/p_c²), ambapo α ni nguvu ya msuguano na p_c ni kiwango cha momenta ambapo msuguano huanza kudhoofika. Fotoni nazo huisukumasukuma atomu ovyo, na huo ndio mtawanyiko D. Tukichukua D isiyobadilika na kutafuta hali tulivu, mtawanyo wa momenta, yaani jinsi atomu zinavyogawanyika kwa momenta, unatoka wenyewe:

W(p) ∝ (1 + p²/p_c²)^(−αp_c²/2D)

Huo ni mtawanyo wa Tsallis, umbo linalotokana na entropia yake, wenye q = 1 + 2D/(αp_c²). Hakuna aliyeuingiza kwa mkono. Mwaka 2003 Eric Lutz alionyesha kwamba kwa kimia cha aina hii q = 1 + 44 E_R/U_0, ambapo U_0 ni kina cha mabonde na E_R ni nishati ambayo atomu huipata kwa teke la fotoni moja. Kina kikiwa E_R 220, q ni 1.2. Kikishuka hadi 66, q inafika 5/3, na hapo variansi ya momenta, yaani kipimo cha jinsi zinavyotapakaa, haina kikomo tena. Kuzungumzia halijoto kwa kutumia wastani wa p² kunakosa maana. Mwaka 2006 Douglas, Bergamini na Renzoni walipima katika maabara mikia ya mtawanyo huo, yaani sehemu zake za momenta kubwa, wakaiona ikibadilika pamoja na kina cha kimia kama ilivyotarajiwa.

Kwenye migongano ya protoni mambo ni magumu zaidi. Momenta za chembe zinazochomoka kukingama na mwelekeo wa protoni hulinganishwa na [1 + (q − 1) m_T/T]^(−q/(q−1)), ambapo m_T ni kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wa tungamo na mraba wa momenta hiyo, katika vipimo ambavyo kasi ya mwanga ni 1. T ni halijoto katika vipimo vya nishati, na GeV ni kizio cha nishati, sawa na MeV 1000. Tuchukue q = 1.15 na T = GeV 0.075. Kwa m_T ya GeV 5 fomula inatoa takriban 10^(−8). Ile ya kawaida ya Boltzmann, e^(−m_T/T), inatoa takriban 10^(−29). Tofauti ya tarakimu ishirini na moja haifichiki.

Lakini angalieni kipeo. Wengine huandika −1/(q−1) badala ya −q/(q−1). Mstari unabaki uleule, namba zinabadilika: q mpya ni 2 − 1/q, na T mpya ni T/q. Kwa mfano wetu, 1.15 inakuwa 1.13, na MeV 75 inakuwa 65. Ukilinganisha majedwali mawili bila kukagua hili, utatangaza tofauti ya halijoto ambayo haipo. Tena q na T hufidiana: moja ikipanda nyingine hushuka, mstari ukibaki karibu palepale. Kwa hiyo toeni matokeo pamoja na uhusiano wa makosa yao, si makosa ya kila moja peke yake.

Katika plazma ya anga, yaani gesi ya chembe zenye chaji, mtawanyo wa kappa ni umbo hilihili kwa jina jingine, ambapo q = 1 + 1/κ kwa fasili iliyozoeleka zaidi.

Mkia mzito, yaani unaopungua polepole, peke yake si ushahidi. Halijoto ikibadilika toka sehemu hadi sehemu, kila sehemu ikiwa ya Boltzmann kabisa, mchanganyiko wake unaweza kuwa wa Tsallis: kinyume cha halijoto, β, kikifuata mtawanyo wa gama, mnapata q = ⟨β²⟩/⟨β⟩², ambapo ⟨ ⟩ ni wastani. Mwaka 2007 Hilhorst na Schehr walichukua mifano miwili iliyodhaniwa, kwa hesabu za kompyuta, kutoa q-Gauss, yaani umbo lilelile la atomu baridi, wakapata jibu kamili kwa kalamu. Halikuwa q-Gauss, ingawa kwa macho michoro ilikaribiana mno. Kwa hiyo fuateni mkia kwa tarakimu kadhaa za ukubwa, na mahali penye hesabu chache za chembe msitumie miraba midogo (njia ya kulinganisha mstari na data) juu ya logi, maana logi ya sifuri haipo, hivyo visanduku vitupu vya data huachwa nje na mkia huonekana mzito kuliko ulivyo.