Dekio Lenye Chupa Yake: Tuanze na Maji Machafu

Wanafunzi wangu, mtazameni mtu anayedeki kwa ndoo. Akimaliza chumba cha kwanza maji yameshabadilika rangi, na akiingia cha pili anapaka sakafuni uchafu wa chumba alichotoka. Kasoro ni hiyo. Dekio lenye chupa, yaani linalobeba dawa yake ya kusafishia na kuinyunyiza lenyewe sakafuni, lina thamani kwa sababu moja tu: dawa safi haikutani na kitambaa kichafu kabla ya kufika sakafuni.

Wabunifu wa Continuum, kampuni ya Boston, walilijua hili kwa kukaa majumbani na kutazama watu wakisafisha, wakiwa wametumwa na watengenezaji wa bidhaa za nyumbani, Procter & Gamble. Waliona jinsi kusuuza dekio lenyewe kunavyokula muda. Matokeo yake, dekio la kitambaa kikavu liitwalo Swiffer, likaingia sokoni 1999. Swiffer WetJet, dekio lenye chupa na pampu ya betri, likalifuata.

Sasa kazi yetu: kubuni dekio letu lenye chupa. Chupa ikae chini, karibu na kichwa cha dekio. Lita moja ya dawa ni takribani kilo moja. Ukiipachika juu, mkono ndio unaobeba. Igeuzwe mdomo chini ili dawa ishuke yenyewe kwenye pampu, na iwe na vali ya kuingiza hewa. Tafadhali msiisahau vali hiyo! Dawa inapotoka bila hewa kuchukua nafasi yake, chupa hubonyea, na mwisho ukibonyeza hakitoki kitu.

Pampu naipenda ya mkono: kifyatulio juu, fimbo ndani ya mpini, pistoni chini. Haina mota wala betri, na fundi wa mtaani ataifungua. Springi iwekwe mahali isipoguswa na dawa, maana klorini iliyomo katika baadhi ya dawa hula chuma. Tundu la kunyunyizia lifunguke kwa vidole. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi ikikauka huziba.

Chupa ya WetJet haikuundwa ili mtumiaji aijaze tena. Hapo mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mama anayenunua sabuni ya maji ya kupimiwa dukani lazima aweze kuimimina humo, kwa hiyo mdomo uwe mpana na mfuniko wa kuzungusha.

Kitambaa kiwe cha mikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana, kibanduke na kufulika, na kila dekio liuzwe na viwili au zaidi. Kikichafuka, kinabadilishwa. Bila hivyo, tumeirudisha ile ndoo kwa umbo jingine. Kwa hiyo wiki ijayo leteni kwanza michoro ya kichwa na kitambaa. Chupa tutaichora baadaye.